Kafeini Niliyoifagia

Mjukuu wangu Chebet,

Chamgei? Sisi ni wazima, na ng'ombe wetu amezaa ndama jike. Unauliza kama nimewahi kuona kafeini, hiyo mnayotoa kwa majani chai huko maabara, ambayo molekuli yake ina pete mbili zenye naitrojeni. Mimi nina pete moja tu, ya babu yako!

Lakini nimeiona. Nikiwa msichana nilifagia kiwanda cha chai karibu na Kapkatet. Juu ya mashine ya kukausha majani kuliganda nyuzi nyeupe, laini kama pamba. Nilidhani ni ukungu. Siku moja nikaonja: chungu! Moyo ukadunda, nikafagia kiwanda chote mara mbili nikiimba. Sikuuliza ni nini.

Ndiyo maana napenda maswali yako. Nilimwaga ndoo nzima ya nyuzi hizo shimoni, na wewe huko unapima nusu kijiko kwa mizani.

Kogo, nyanya yako