Wasifu wa Mama Umegeuka wa Fundi Baiskeli

Jumamosi mchana, Ipuli. Jua la Oktoba limekausha hata hamu ya kula.

Leo nimemfuta mama yangu.

Naandika hivyo kwa sababu ndivyo nilivyohisi. Jumapili ya wiki ijayo ni misa ya kumbukumbu yake, nikafungua faili lake kwenye kompyuta ya sebuleni ili nichapishe wasifu upya. Nikasoma kwamba marehemu alikuwa fundi baiskeli hodari, mzaliwa wa Kigwa, na ameacha mjane. Nikarudia kusoma. Nikatazama jina la faili: Wasifu Mama. Ndani yake alikuwemo Baba Kulwa, jirani yetu tuliyemzika Alhamisi.

Kosa ni langu, sina wa kumsingizia. Hapa mtaani mimi ndiye mwandishi wa wasifu wa marehemu, cheo nilichopewa kwa sababu tu nina kompyuta. Na sianzi kamwe na ukurasa mtupu. Nafungua wasifu wa Mama, naunakili kwa jina jipya, kisha nabadilisha majina, kijiji, kazi, watoto. Nusu ya marehemu wa mtaa huu wamezikwa kwa mpangilio wa Mama. Alhamisi gari la kwenda Kigwa lilikuwa linapiga honi nje, nikaruka hatua ya kunakili. Nikabadilisha, nikahifadhi, nikafunga, nikakimbilia mtaa wa Ng'ambo kuchapisha. Haraka haraka haina baraka, tunawaambia watoto, na sisi wenyewe tunakimbia.

Ingekuwa kitu kingine ningeandika upya. Lakini aya ya mwisho Baba aliitamka mwenyewe, nami nikiandika, wiki ile Mama alipofariki. Baadaye kiharusi kikamnyang'anya maneno. Sasa Baba yupo, anakula, ananitazama, ila hawezi kuniambia tena alichosema kuhusu mkewe. Nakala ya karatasi ililiwa na mchwa, kabati na vyote vilivyokuwemo. Maana nilikuwa naikumbuka kwa mbali, maneno yenyewe hapana. Nilijiona mtoto wa hovyo kabisa.

Nikajaribu kurudisha nyuma nilichobadilisha, lakini faili likishafungwa hakuna cha kurudisha. Pipa la taka lilikuwa tupu. Nikatafuta matoleo ya awali, kompyuta ikanijibu kwamba hakuna, maana sikuwahi kuiruhusu iyatunze. Nikalia kidogo. Halafu kwenye kisanduku cha kutafutia nikaandika maneno yanayomhusu Mama peke yake, "sauti ya pili", maana aliiimba kwayani hadi uzeeni.

Likatokea faili moja lenye jina la ajabu, herufi na namba tupu, kwenye folda nisiyowahi kuigusa. Kumbe siku ile Baba akitamka umeme ulikatika, na kompyuta ikajihifadhia yenyewe ilichokuwa nacho. Mama alikuwemo: kuzaliwa, ubatizo, shamba la karanga, kwaya. Nikashuka chini kwa pupa. Aya ya Baba ilikuwa hivi: "Mke wangu alikuwa na tabia moja."

Basi. Umeme ulikatika hapo.

Sijui nini kilinirudisha kwenye faili la Baba Kulwa. Nadhani nilitaka kujiumiza zaidi. Nikasoma mpaka mwisho, sehemu ya maneno ya mwenza. Alhamisi nilipomwomba Mama Kulwa maneno yake, aliniambia, "Andika tu, mwanangu, mimi sina nguvu." Nami, honi ikilia, nilibadilisha neno moja nikapita. Na aya yenyewe hiyo hapo, nzima:

"Mume wangu alikuwa na tabia moja. Hata tukigombana, chakula changu alikifunika kwa sahani mbili kisipoe, kisha akaendelea kununa."

Ni maneno ya Baba. Yamesomwa Kigwa mbele ya jeneza, padri na ukoo mzima, kana kwamba ni ya Mama Kulwa, na mimi wakati huo nilikuwa nyuma ya nyumba kwenye masufuria, sikusikia hata moja. Nilicheka na kuona aibu kwa pamoja.

Kisha nikakumbuka tulivyoagana, na hapo ndipo niliposhtuka kweli. Mama Kulwa alinishika mikono miwili akasema, "Ile ya sahani, mwanangu, sikujua kama kuna mtu aliwahi kuona." Nilidhani uchungu unamchanganya, nikaitikia tu.

Kumbe na kwao ilikuwa hivyo hivyo.

Nimeunganisha wasifu wa Mama, nikaenda kumsomea Baba barazani. Nilipofika kwenye sahani alinikamata mkono kwa mkono wake mzima, nikajua nisome tena. Nikasoma tena. Machozi yalimtoka, na mimi yangu. Sikuwa nimemwona akimlilia Mama tangu augue. Sasa faili lipo kwenye kompyuta, kwenye flashi na kwenye simu, na wasifu wa Baba Kulwa una faili lake.

Kilichobaki ni Mama Kulwa. Kesho nikitoka misa nitapita kwake kumjulia hali. Anaamini kuna mtu aliyeuona upendo wa nyumba yake, naye ni mimi. Nikimwambia hakuna aliyeona, nitakuwa nimesema kweli. Lakini kweli hiyo itamsaidia nani?