Usimlambishe Okoth Asali Mlangoni

Gatina, Kawangware

Mama yangu,

Nisamehe kwa kunyamaza hivi. Kila niliposhika kalamu nilijua lazima nifike kwa habari ya asali, na mkono ulikuwa unakataa. Kwa simu ungenikatiza, ndiyo maana nimempa ndugu yangu Ouma barua hii akusomee. Mko aje? Mgongo wa Baba umepoa? Sisi tunakula, tunalala, na Okoth sasa anajigeuza kitandani.

Asali uliyotuma ilifika. Imeganda lakini haijaharibika. Naweka chupa kwenye maji ya vuguvugu inalegea. Dada yake Akinyi namtilia kwenye uji, kwa kijiko kikavu kama ulivyonifunza. Okoth hajaionja, na hataionja sasa.

Jirani yangu, Mama Blessing, alikuwa na msichana wa rika la Okoth. Kikohozi kikamshika, watu wakasema asali. Huyo mama hakuwa mzembe. Alipita zile za barabarani, akaenda mpaka Makina kwa mzee anayeuza asali mbichi na masega yake. Akaidondosha kwenye maji, ikazama nzima. Akanitania kwamba hii imetoka kwa nyuki, si kwa kilo ya sukari. Na kwa vile ni ya mtoto, akaichemsha kwanza, ndipo akamlambisha. Mimi nikaisifu.

Haikupita wiki, Blessing akakataa titi. Macho yakawa yanafunga nusu, shingo ikalegea kama kitambaa. Kilio chake, Mama, kilikuwa kinapenya mabati kama cha paka mchanga aliye mbali. Tukamkimbiza hospitali. Daktari akauliza amepewa nini, akaambiwa. Akasema polepole, "Asali haikuwa mbaya. Mtoto ndiye bado mchanga."

Akatueleza kuna vijidudu vinavyolala ndani ya asali, hata iliyo safi kabisa. Moto wa jiko hauviui. Tumbo la mtu mkubwa linavishinda, lakini kwa mtoto ambaye hajamaliza mwaka vinaamka na kutoa sumu.

Blessing alipumulia mashine muda mrefu. Alipona, Mungu ni mwema, na mamake akahama naye. Chumba chao bado kitupu, lakini kilio hakijahama. Nikifua nguo za watu huko Riruta nakisikia kwenye maji. Nikirudi nainua kope za Okoth na kidole. Akikasirika, moyo unatulia.

Sasa kazi imekuwa ya kila siku na tajiri wangu hataki mtoto mgongoni. Okoth anakuja kwako. Najua desturi yako: mjukuu akifika mara ya kwanza, unamlambisha asali mlangoni kabla hajaingia. Akinyi alipolambishwa alikuwa tayari anatembea. Utasema sisi watoto wako tulilamba tukiwa wachanga na tuko hai. Ni kweli. Lakini Blessing naye alilambishwa na mtu anayempenda. Mwombee, mwimbie, mpake maji usoni. Asali ingoje amalize mwaka. Usiseme ni ya ncha ya kidole tu. Hapo, Mama, sitalegea.

Nisalimie Baba, shangazi muuza samaki, na mdogo wangu aliye darasani.

Ouma akirudi huku kwangu kumchukua Okoth amlete kwako, mpe aniletee unga wa wimbi wa Akinyi, dagaa wa omena waliokauka vizuri, ile leso yako kuukuu ya kumbebea mtoto, na neno lako kwamba hutampa asali. Hilo la mwisho likikosekana, Ouma atarudi kwako mikono mitupu.

Binti yako,
Atieno