Ahadi Ambayo Sikuisikia

Kwako Mama Wanjiru,

Goti lako linaendeleaje? Je, linakuruhusu kupanda ngazi za kanisa, au bado unasalia nyumbani hapo Skuta siku za baridi? Mimi sina homa wala njaa. Binti yetu ananitunza vizuri, ingawa huku Kanada jua huchomoza bila joto.

Wanjiru ameniambia kwamba mjane wa ndugu yangu Kariuki anauliza nitatimiza lini nililomkubalia mumewe. Nimekaa na swali hilo siku tatu. Mama Wanjiru, sijui nilikubali nini.

Siku ile ulipiga simu ukasema, "Baba Wanjiru, niko hospitali na Kariuki. Anataka kuongea na wewe." Hayo niliyasikia, kwa kuwa ulipaza sauti. Kisha ukamwekea simu mdomoni. Nikasikia pumzi, na mngurumo kama wa mtu anayezungumza chumba cha pili. Niliona haya kumwomba mgonjwa arudie. Nikasema, "Sawa, ndugu yangu. Nitafanya." Siku mbili baadaye akafariki. Nawe wajua kwamba kwetu neno la mwisho la mtu halivunjwi na aliyelikubali.

Wanjiru alinipeleka kwa daktari wa masikio. Aliyonieleza niliyafundisha ubaoni miaka mingi. Sauti ni mtikisiko unaosukuma hewa. Hewa hutikisa ngoma ya sikio, ngoma hutikisa mifupa mitatu midogo, nayo mifupa hutikisa maji yaliyomo katika kijumba kilichojisokota kama gamba la konokono. Humo mna vinyweleo vinavyoupelekea ubongo habari. Kelele kubwa ya muda mrefu huviua, na havioti tena. Vya sauti nyembamba hufa kwanza. Ndiyo maana nasikia kwamba mtu anasema, lakini sisikii anasema nini.

Vyangu vilifia katika kinu chetu cha posho, cha kusagia mahindi, pale Naro Moru. Kila likizo nilisimama kando ya injini ile, masikio wazi. Kariuki alijaza pamba masikioni, nami nikamcheka mbele ya wateja kwamba anaogopa kelele. Akanijibu, "Mwalimu, wewe unayafundisha masikio, mimi ninayatunza." Watu wakaangua kicheko. Nilinuna hadi jioni.

Sasa nimepewa vifaa vya kusikilizia. Nasikia saa ya ukutani na kijiko kikigonga kikombe. Havirudishi yaliyokwisha kusemwa.

Ikiwa ulisikia alichokisema, niandikie vile vile alivyosema, usipunguze. Ikiwa hukusikia, nenda kwa mjane wake, umwambie ukweli kabla ya kumwuliza: kwamba nilimjibu mumewe bila kumsikia. Ataudhika, na ana haki. Iwe ni shamba, iwe ni mtoto wa kusomeshwa, nitatimiza. Linaloniumiza ni kwamba Kariuki alikwenda akiamini kuwa nimemsikia.

Nisalimie dada yangu wa Kangema, na mchungaji aliyemzika ndugu yangu. Mjane usimpe salamu zangu mpaka uwe umemwambia hayo.

Mimi mumeo,
Baba Wanjiru