Sweta Yenye Nembo ya Chuo Kingine

Kisugu, Kampala

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo Mama. Sisi huku tuzima, na neno hilo nimelitanguliza makusudi ili usiisome barua hii huku moyo unakwenda mbio. Zubeda yupo, anakula, anatembea. Habari za Ujiji? Mguu wako umepungua kuvimba? Bibi bado anakataa kuvaa miwani? Na lile paa la jikoni, Baba Mdogo ameshaliziba au bado mnakinga maji kwa sufuria?

Wiki iliyopita ulinipigia mara nyingi nikawa nakujibu kwa mkato, nikisingizia mtandao. Sikuwa na sauti, Mama. Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu ningelia nawe ungelia, tusingefika popote. Dereva anayetuletea dagaa anarudi Kigoma, nimemwomba akupe mkononi. Isome kwanza ukiwa peke yako.

Unajua Zubeda anasoma uhasibu kwenye kile chuo cha binafsi nilichokueleza, kilicho ghorofa ya tatu, huku chini wanauza vipuri vya pikipiki. Ni chuo kidogo, ila walimu wanaingia darasani na mitihani inafanyika. Mwaka wa kwanza alikuwa anatoka hapa nyumbani asubuhi, anarudi jioni, ananisaidia kujaza mawese kwenye chupa za kesho. Hakuwa na neno.

Kisha jirani yetu akamwoza binti yake, tukaalikwa. Tulikaa meza moja na mama mwenye watoto wawili kwenye chuo kikuu kile kikubwa cha serikali, ambacho hapa mtu akikitaja tu, wengine wanakaa vizuri kwenye viti. Akamwuliza Zubeda kwa upole kabisa, "Na wewe mwanangu, uko chuo gani?" Zubeda akakitaja. Yule mama akasema, "Aa, vile vya juu ya maduka," akageuka kuomba chumvi. Sidhani alisema kwa ubaya. Lakini nilimwona mdogo wangu anaacha kula.

Huku, Mama, jina la chuo limekuwa kama jina la ukoo. Watu wanaliuliza kabla hawajauliza umejifunza nini. Wa chuo cha serikali wanawacheka wa vyuo vya matajiri kwamba wamenunua nafasi. Wa vyuo vya matajiri, vyenye bustani na mabasi yao wenyewe, wanawacheka wa serikali kwamba wanabanana madarasani hata dirishani wanasimama. Halafu wote kwa pamoja wanawacheka akina Zubeda.

Haukupita muda akaniambia anataka kuhamia hosteli, apate kusoma na wenzake. Nikakubali. Sikujua kwamba hosteli yenyewe iko ubavuni mwa chuo kile kikubwa, kwamba hao wenzake ni wanafunzi wa huko, na kwamba amewaambia naye ni wa huko. Alinunua kwa wachuuzi sweta yenye nembo ya chuo chao. Asubuhi alikuwa anatoka nao, na wakikaribia geti anajifanya kasahau kitu chumbani, anarudi nyuma, anachukua bodaboda kwenda kwenye darasa lake. Sweta anaikunja ndani ya begi. Haya yote amenieleza baadaye. Wakati ule mimi nilikuwa najua nina mdogo wangu anayesoma kwa bidii, basi.

Siku wanafunzi wa chuo kile kikubwa walipogoma nilikuwa sokoni Nakasero, kwenye meza yangu. Hata leo sijui walikuwa wanagomea nini, maana kila niliyemwuliza alinipa sababu yake. Tulisikia milio ya mbali, kama mtu anayetupa mbao kutoka ghorofani. Hajati Nusura, yule mama wa Kinubi anayeuza viungo meza ya jirani, akainua kichwa. "Hiyo gesi ya polisi," akasema. Amezaliwa kambini, baba yake alikuwa askari, sauti hizo hazimpotezi. Mimi nikaendelea kupima dagaa. Nikasema moyoni, wangu hasomi huko. Nilishukuru kabisa, Mama. Nilishukuru kwamba mdogo wangu anasoma chuo ambacho hakuna anayekijali.

Ndipo simu ikaita. Sauti ya msichana nisiyemjua, anahema.

"Wewe ni dada wa Zubeda? Mimi naitwa Patricia, tunakaa naye chumba kimoja hosteli. Zubeda amechukuliwa karibu na geti. Wamempiga, wakamtupa kwenye kabangali, ile pikapu ya polisi."

Nikamwambia amekosea mtu, wangu yuko darasani mjini.

"Dada, alikuwa amevaa sweta yetu," akasema, na simu ikakatika.

Hajati alifunika meza yangu na yake kwa turubai, akanishika mkono kama mtoto, tukapanda bodaboda wawili. Dereva alitushusha njiani, akasema mbele hapiti. Hewa ilikuwa inawasha, watu wanakimbia na vitambaa puani, na kila msichana aliyekuja mbio nilimtazama usoni mpaka wengine wakanitukana. Mtu mmoja akatuambia walioumia wamepelekwa Mulago. Tukaenda Mulago kwa miguu.

Mama, naomba usijaribu kuiona picha hii niliyoiona mimi. Kwenye benchi la ukumbi pale hospitali alikuwa amelazwa msichana, ameelekezwa ukutani, amevaa sweta ile ile niliyoambiwa, nywele zimesukwa kama za Zubeda. Hatikisiki. Nilisimama. Nilitaka kwenda na nikashindwa, kwa sababu nisipokwenda bado nilikuwa na mdogo wangu. Hajati ndiye aliyekwenda, akainama, akamgusa bega. Msichana akageuka. Hakuwa yeye. Alikuwa mtoto wa mama mwingine, yu hai, analia. Nikafurahi, halafu nikaona haya kwa furaha ile.

Kituo cha polisi tulichoelekezwa kilikuwa kimejaa wazazi. Nyuma ya kaunta alikuwapo afande mmoja mrefu, mtu wa kaskazini, anasema Kiswahili kile cha askari wa huku.

"Mama, nyinyi nataka nani?"

"Namtafuta mdogo wangu, Zubeda."

"Iko nasoma chuo ile?"

"Hapana afande. Yeye hasomi pale."

Akacheka. "Asubuhi wote walikuwa nasoma pale. Sasa hakuna hata moja nasoma pale."

Baadaye wakatolewa wasichana wachache, wamepangwa ukutani, miguu mitupu. Zubeda alikuwa katikati yao. Mdomo umevimba, damu imekauka chini ya sikio, mkono mmoja wa sweta umechanika. Nilimwita. Alinitazama mara moja akatazama chini.

Afande akamwuliza, "Wewe musichana, iko nasoma wapi?"

Kulia na kushoto walisimama wenzake wa hosteli. Zubeda akakitaja chuo kile kikubwa.

Nilidhani sikusikia vizuri. "Afande, anaogopa tu huyu, hasomi..."

"Dada, nyamaza," akasema Zubeda.

"Kitambulisho iko wapi?"

"Kimepotea."

Afande akamkazia macho. "Hii Kiswahili yako ni ya mbali. Wewe mutu wa wapi?"

"Tanzania."

Akaweka kalamu chini. Ukumbi ulikuwa na kelele, lakini mimi sikusikia tena kitu isipokuwa yeye. "Mugeni nakuja kufanya vita kwa nchi ya watu? Basi hii si kesi yangu tena. Hii naenda juu."

Mama, hapa mtu akiambiwa anapelekwa juu, ndugu zake wanazunguka mji mzima wakiuliza, na kila mlango unawaelekeza mlango mwingine. Nilitaka kupiga kelele kwamba kibali chake cha mwanafunzi kina jina la chuo kingine, kwamba wakikitafuta watakiona, na uongo wake utamgeuza mchochezi aliyetumwa.

Wakati huo wasichana walikuwa wanapungua. Mwanamume mwenye suti aliingia bila kufuata mstari, akampa afande simu aongee na mtu. "Ndiyo sir, ndiyo sir," na binti yake akatoka naye. Akaja mwingine, simu nyingine, binti mwingine. Hakuna aliyewaaga waliobaki. Zubeda aliwatazama wakitoka, na bado midomo ameifunga. Hofu ilikuwa imemjaa, nawe unamjua jinsi alivyo mwoga toka utotoni, na bado aibu ilikuwa kubwa kuliko hofu. Hilo ndilo lililonitisha kuliko bunduki.

Hajati Nusura akajitengeneza mtandio, akasogea mpaka karibu naye. Afande hakumzuia.

"Binti," akasema, "wenzako simu zao zimekwisha pigwa. Wewe nani atakupigia? Mimi na dada yako hatujui mkubwa yeyote. Sisi tunakujua wewe tu. Sema."

Zubeda akaanza kulia bila sauti. Kisha akakitaja chuo chake. Alikitaja polepole, afande akamwambia arudie, akarudia kwa nguvu.

"Hiyo ni chuo ama ni duka?"

Watu wakacheka, Mama. Hata wazazi waliokuwa wanafuta machozi muda huo huo, walicheka.

"Ni chuo," Zubeda akasema. "Kiko ghorofa ya tatu. Nasoma uhasibu. Niko mwaka wa pili."

"Na hii sweta?"

"Nilinunua."

"Kwa nini?"

Akautazama mkono wa sweta uliochanika. "Nilikuwa naona aibu," akasema.

Afande aliacha kucheka. Alimtazama kama anayemtazama mtu wa nyumbani kwake. "Hata mutoto yangu nasumbua mimi na hiyo majina," akasema kwa sauti ndogo, halafu akapandisha sauti tena. "Toa hiyo kitu. Jumatatu kuja hapa na mukubwa ya hiyo chuo yako. Asipokuja yeye, wewe naenda juu."

Zubeda akaivua sweta akaiacha kwenye kaunta, tukatoka.

Siku zilizofuata mpaka Jumatatu sitaki kuziona tena. Alilala kitandani kwangu na viatu miguuni. Gari likisimama barabarani anakaa kitako. Nami niliogopa zaidi yake, kwa sababu nilikuwa na wazo moja ambalo sikumwambia: chuo chake wakisikia alikuwa anajificha asijulikane ni wa kwao, kwa nini wajisumbue kuja? Nilipompigia msajili wao, mzee mmoja mpole, alisikiliza mpaka mwisho akasema tu, "Sawa." Sikujua "sawa" ile ina maana gani.

Jumatatu tulifika kituoni mapema. Msajili hakuwapo. Zubeda alinishika kidole, kidole kimoja tu, akakibana mpaka kikafa ganzi. Wakati afande anaanza kuita majina, msajili akaingia, suruali imejaa vumbi la bodaboda. Hakumtazama Zubeda kwa lawama. Akasema, "Huyu ni wetu. Anakaa mbele, anauliza maswali mpaka tunachelewa kufunga." Afande akaandika, akatuambia twende.

Kwa hiyo yameisha, wanasema. Mimi sijaona kama yameisha. Sikio lake la kushoto bado linavuma, na daktari anasema tungoje. Jina lake waliliandika mahali, na sijui karatasi ile iko kwa nani. Nikisikia hodi usiku nazima taa.

Mama, nikuombe jambo, na usinielewe vibaya. Nasikia huko mtaani watu wanasema mtoto wako yuko chuo kikuu cha Uganda, wakimaanisha kile kikubwa, nawe huwarekebishi. Ni furaha ya mzazi, naielewa. Lakini Zubeda ameniambia alikuwa anaogopa kuja likizo, eti watamwomba awasimulie chuo ambacho hajawahi kukaa darasani mwake. Watajie chuo chake kwa jina. Wakiuliza ni kipi hicho, waambie hukijui vizuri, ila mwanao anakijua. Na ukimpigia, mwulize anajifunza nini. Atakuchosha na hesabu zake mpaka uombe kukata simu.

Sehemu hii ya mwisho naiandikia mjini, kwenye kihoteli cha chai kilicho ng'ambo ya chuo chao. Leo asubuhi aliamka mwenyewe akasema anakwenda darasani. Nikamwambia nitamsindikiza. Njiani lilipita gari la polisi, akaingia nyuma yangu kama kuku, nami nikasimama pale pale. Lilipopita akaniambia, "Dada, usipande nami. Wataniona mtoto." Akapanda ngazi, mkono kwenye ukuta, na kila hatua chache anageuka kuona kama bado nipo.

Nisalimie Bibi, umwambie miwani haiumi. Baba Mdogo fundi, msalimie sana pamoja na mkewe na yule mtoto mpya ambaye bado hatujamwona. Shangazi wa sokoni naye salamu zake, ila habari hizi mpe za kumtosha tu. Hajati Nusura anasema anakusalimu kama dada yake, na kwamba binti yako wa pili sasa ni wake pia.

Mtuombee. Chai yangu imepoa, mwenye kihoteli ananitazama, lakini siondoki.

Mwanao anayekupenda, niko hapa chini namsubiri ashuke,

Mwamvua