Nundu Choma ya Dukani

Mpendwa Baba Rehema,

Nakuandikia nikiwa nimeketi kwenye benchi lako la wateja, hapa buchani. Ni ule wakati wa mchana ambao jua la Siakago linafukuza hata mbwa wa sokoni, na nyama zilizobaki ni za jioni. Visu nimeshanoa. Nina habari ya kukupa, na nina majivuno nayo, kwa hiyo nivumilie.

Unajua mwenyewe, ulipotutoka Idrisa alikuwa anatambaa. Watu walipokuja kunipa pole walinionea huruma ya kulea peke yangu, na ya kuendesha bucha mwanamke mimi. Hayo hayakuninyima usingizi. Kilichonichoma ni kwamba huyu mtoto angekua bila kitu chako hata kimoja. Rehema alikuwa amekushiba. Idrisa alibaki na picha ya ukutani, ambamo umenuna kama mtu aliyepunjwa kwenye mizani. Nilikuwa nikimwonyesha kwa kidole, "Huyo ni baba," naye anaitazama picha, ananitazama mimi, anarudi kwa mchezo wake. Iliniuma sana.

Lakini nianze mwanzo, maana wewe hukupenda hadithi iliyokatwa kichwa.

Unakumbuka Rehema alivyorudi na kile kitabu kutoka chekechea? Mwalimu alikuwa ameagiza mzazi asome na mtoto kila siku. Mimi nilikuwa na mimba ya Idrisa, miguu imevimba, nikakusukumia wewe. Ulijaribu kukwepa. "Msomi wa hii nyumba si ni wewe?" ukaniambia. Kweli mimi nilifika kidato cha nne, na wewe shule uliiacha darasa la tano, ukaenda kuchuna ng'ombe na marehemu baba yako kule Majengo, Embu. Lakini mtoto alikuwa ameshapanda kwenye benchi, ameshakifungua. Ukapangusa mikono kwenye aproni, ukapangusa tena, ndipo ukakishika.

Kilikuwa kitabu cha siku za kuzaliwa. Kila ukurasa una mtoto wake, na mashairi yote yalikuwa ya kuulizana na kujibizana:

Leo kazaliwa nani?
Ni Halima wa jirani.
Atapewa kitu gani?
Keki tamu ya sahani.

Ulikuwa unasoma kwa kidole, silabi moja moja, kama unayetoa nyama kwenye mbavu na hutaki kupoteza hata chembe. Le-o. Ka-za-li-wa. Rehema hakujua kwamba unatafuta herufi. Alidhani ndivyo shairi lenyewe linavyokwenda, kwa hiyo naye akawa anasitasita palepale unaposita wewe. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia nauma khanga nisicheke.

Baada ya siku chache ulimi ukalainika. Wateja nao wakazoea. Mama Njiru, jirani yetu muuza ndengu, alikuwa anaacha magunia yake anakuja kusimama mlangoni. "Baba Rehema, hebu sema, leo imezaliwa nani?" Nawe unamjibu ukiwa na panga mkononi, na mtu aliyekuja kununua robo anasubiri mpaka Halima apewe keki yake.

Halafu ikaja siku ya lile swali. Rehema alikuuliza, "Baba, keki ni tamu kuliko nundu?" Ukaweka panga chini ukafikiri kwa dhati, maana wewe mambo ya nyama hukuyafanyia mzaha. Ukamwambia, "Aliyeandika hiki kitabu hajawahi kula nundu. Hapa amekosea. Sisi tutasoma vizuri." Na tangu siku hiyo, ukifika pale kwenye keki unasoma, bila kupepesa macho:

Atapewa kitu gani?
Nundu choma ya dukani.

Na ule ukurasa wa maji je? Nikiukumbuka nacheka peke yangu, wateja waniona mwehu. Picha ilimwonyesha mtoto amelowa chapachapa, wenzake wamemzunguka na ndoo. "Tumfanyeje, jamani? Maji pwa, hadi kichwani!" Sasa nyumbani kwetu hatukuwahi kuwa watu wa kusherehekea siku ya kuzaliwa. Wewe tarehe yako ulibahatisha wakati wa kuchukua kitambulisho. Lakini Rehema alipotimiza miaka sita alisimama uani, macho ameyafumba, anasubiri maji pwa. Na tangi lilikuwa kavu. Maji yenyewe tulikuwa tunaletewa na punda. Nikasema kwa ukali, "Hapa si Runyenjes kwenye mvua, mama. Hapa maji hayamwagwi." Mama Njiru akaniunga mkono kutoka ng'ambo ya ua: "Kumwaga maji huku Mbeere? Hiyo kitabu imeandikwa na mtu wa mtoni."

Wewe hukubishana. Ulichota kikombe kimoja, ukamshika Rehema mkono, ukamsimamisha penye ule mche wa mpapai uliokuwa unakufa pale kando ya choo. Ukammwagia kichwani taratibu, maji yakapita kwenye nywele, yakapita kwenye magoti, yakaishia kwenye shina. Ukanigeukia. "Mama Rehema, kuna tone limepotea?" Niliinama nikalitafuta, sikuliona. Ule mpapai leo unanipa mapapai ya kula na ya kugawa. Hakuna mtoto wa nyumba hii anayeongeza mwaka bila kusimamishwa chini yake, na Mama Njiru sasa ndiye anayenikumbusha.

Halafu ile siku ya wazazi kwenda kusoma darasani. Mimi nilifikiri utatafuta kisingizio cha kwenda kununua ng'ombe Kiambere. Lakini ulivaa kanzu ya Idi, na kofia, ukatembea mbele yangu hadi shuleni. Nilikaa nyuma, Idrisa mchanga mgongoni, amelala fofofo. Wazazi wengine walikuwa wamesoma kwa haraka na kukaa. Wewe ukasimama, ukainua kitabu, ukauliza kwa ile sauti yako ya kuita wateja: "Leo kazaliwa nani?" Darasa zima likajibu. Ulipofika kwenye keki, ulimi wako ukaenda ulikozoea. Nundu choma ya dukani. Watoto wakapiga meza, mwalimu akajifuta machozi ya kicheko, na Rehema akawageukia wenzake akasema, "Ndivyo inavyosomwa." Sikuwahi kukuambia vile nilivyojivunia mume siku ile. Nakuambia sasa.

Kitabu kilirudi shule mwaka ulipoisha. Mwaka uliofuata ukaugua, ukaenda. Maneno, hata hivyo, yalibaki kwa Rehema. Akiosha vyombo, akimwogesha mdogo wake, alikuwa anayasema, na anayasema kama wewe, kwa sauti nzito ya kujilazimisha, na kule kusitasita kwako kote. Le-o. Ka-za-li-wa. Idrisa alijifunza hivyo kabla hajajua kufunga viatu. Mimi nilidhani ni mchezo wao tu wa utotoni, sikuutilia maanani.

Sasa Idrisa naye ameingia chekechea. Mwalimu wao ni mgeni, amehamishiwa hapa kutoka upande wa Meru, hakukujua wewe. Jana jioni alikuja kununua nyama. Nikamkaribisha, nikaanza kukata, lakini naona ana neno.

"Mama Idrisa, samahani nikuulize. Baba yake si alifariki?"

"Alifariki, mwalimu. Kuna nini?"

Akanieleza. Alikuwa amefungua kitabu kimoja cha zamani cha picha, anawasomea. Alipofika kwenye keki tamu ya sahani, Idrisa akasimama. Idrisa huyu ambaye akiulizwa jina na mgeni anajificha kwenye dera langu. Akasema, "Hapana, mwalimu. Hapo kitabu kimekosea. Ni nundu choma ya dukani." Mwalimu akamwambia aketi. Hakuketi. Mwalimu akamuuliza ni nani aliyemwambia hivyo.

"Baba yangu," akasema. "Baba yangu ndivyo anavyosoma."

Mwalimu alinitazama kwa huruma, akapunguza sauti. "Labda anamkosa, anajitungia baba wa kuongea naye. Nilifikiri nikuambie."

Baba Rehema, nilishikilia ile meza ya nyama kwa mikono miwili. Mtoto wa nyoka ni nyoka. Sauti yako hawezi hata kuikumbuka, na amesimama mbele ya darasa zima kukutetea. Na hakusema ulivyosoma. Amesema unavyosoma.

"Hajitungii, mwalimu," nikamwambia. "Baba yake ndivyo anavyosoma."

Kisha nikamkatia kipande cha nundu, nikaongeza juu ya nyama yake, nikamwambia akaichome aone kama kitabu hakikukosea.

Leo asubuhi nilipompeleka Idrisa shuleni nilisimama kidogo nje ya dirisha la darasa lao. Mwalimu alikuwa ameinua kitabu. Alipouliza, "Atapewa kitu gani?" aliwaachia watoto wajibu. Wakajibu wote, nundu choma ya dukani. Sauti ya mwanao ilikuwa juu kuliko za wote, na ilikuwa inasitasita palepale unaposita wewe.

Lala pema. Nafungua mlango sasa, wateja wa jioni wameanza kuja.

Mkeo na muuza nyama wako,
Mama Rehema