Sahani ya Somoe

Chang'ombe, Dodoma

Mama mkwe wangu mpendwa,

Shikamoo. Miguu inaendeleaje? Na mvua zimewaachia muhogo shambani, au umeoza wote? Sisi huku tunapumua tu. Mjukuu wako Zuhura hajambo, anakula, ila kila siku ananiuliza mama yake atarudi na basi gani.

Mama, shemeji Hamisi ameniandikia kwamba unanishukuru kwa kumtunza mwanao, na kwamba barabara ya kusini isingekatika ungekuja kumzika. Hizo shukrani zimenichoma. Telegramu yangu ilisema sukari imemuua. Mengine niliyaficha.

Somoe unamjua, akishika jambo ameshika. Sista wa kliniki alimfundisha kupima chakula: ugali kiasi cha ngumi yake, wali kikombe kimoja, chapati moja si mbili, na sindano iendane na kile atakachokula. Basi akawa na sahani yake. Hata siku ya mlenda, alivyoupenda, matonge ya ugali aliyahesabu. Mimi nikawa namtania, "Karani wa kweli humu ndani ni wewe." Kliniki yenyewe sikumsindikiza hata siku moja.

Ikaja Idi. Wenzangu wa ofisini wanakuja na wake zao. Mama, siku hizi mtu akitengewa sahani yake, majirani wanasema ana ukimwi. Nikamwambia, "Leo kula sinia moja na wenzio, usinitie aibu." Akanitazama, akasema, "Haya, baba Zuhura." Akajichoma sindano yake kama kawaida, akakaa mkekani na wanawake.

Lakini mwenye nyumba hajazi tumbo mbele ya wageni, wewe mwenyewe ulimlea hivyo. Tonge moja la pilau, anainuka kuleta pilipili. Tonge la pili, anawasogezea wageni nyama. Alipogeukia sinia mara ya tatu, ni tupu. Akacheka, akakusanya vyombo.

Haikupita muda jasho likawa linamtiririka, anatetemeka, maneno hayaeleweki. Mama Yona, jirani yetu Mgogo, akaja mbio na soda. "Mpe anywe! Aliniambia mwenyewe, akitetemeka apewe kitu kitamu!" Somoe akanyoosha mkono. Mama, niliipokonya ile chupa. Nikafoka, "Unataka kumuua? Huyu ana sukari!" Nikampa maji. Maji, Mama!

Hospitali waliniambia sukari ilikuwa imeshuka, kwa kuwa sindano ilikuta tumbo halina kitu. Ile soda ingemrudisha. Nilimfikisha nikiwa nimechelewa.

Mama Yona bado anaingia kwetu. Kila asubuhi analeta uji wa Zuhura, anaweka, anaondoka. Afadhali angenitukana.

Barabara ikifunguka nitakuja na mtoto. Ukinifukuza nitaondoka, wala sitauliza. Ila Zuhura mpokee, hana kosa. Nisalimie baba mkwe, na yule shangazi aliyekuwa kungwi wa Somoe, na wadogo zake wawili wa kike. Waambie nguo zake nimezikunja, sijampa mtu.

Na wewe shemeji Hamisi, unayemsomea Mama: najua utataka kuruka pale pa soda ili asiumie. Usiruke. Msomee, umwache alie, halafu uniandikie alichosema. Hata kama ni laana, iandike yote.

Ni mimi,
Selemani, baba Zuhura