Maneno Kumi na Tisa Uliyotuachia, Mama

Mwaka umetimia leo, Mama, tangu Alhamisi ile asubuhi muuguzi alipotoka wodini ameshika miwani yako, na Baba akajua kabla hajaambiwa.

Miaka ishirini na tisa ulikuwa karani wa masjala ya hospitali. Wenzako walipoandika barua za kuulizia faili lililopotea, wewe ulivua viatu vyako vya kisigino, ukavaa ndala ulizozificha chini ya meza, ukalifuata mwenyewe chumba kwa chumba. "Faili halina miguu," ulikuwa ukisema. "Lina mtu aliyelikalia." Na kweli, mara nyingi ulimkuta amelikalia.

Uliongea na simu kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mto. Majirani walijua habari zetu zote. Ulikunja mifuko ya plastiki pembe tatu, ukaipanga kwenye droo, na ole wake aliyechukua wa chini kabla ya wa juu.

Mjukuu wako alipozaliwa na ikajulikana kwamba hasikii, sisi tulilia kwa wiki nzima. Wewe ulilia siku moja. Siku ya pili ukampa jina la Chiriku, kwa sababu mikono yake haikujua kunyamaza.

Unakumbuka alipokuwa na miaka mitatu? Alilia siku mbili, nasi tukampa dawa ya tumbo. Kumbe lilikuwa sikio. Usaha ulipotoka ndipo tulipoelewa. Ulikaa ukingoni mwa kitanda chake, ukatuambia: "Mtoto ana maumivu, hana neno la kuyasema. Na sisi watu wazima watano humu ndani hatuna neno la kumwuliza." Hukumlaumu mtu. Afadhali ungetulaumu.

Ndipo ukajiunga na lile kundi la wazazi wa watoto viziwi, watu mia mbili na kumi wanaojuana kwa simu tu. Walikuwa wameshaanzisha kazi mbili za pamoja, orodha ya shule na kitabu cha hadithi, na zote mbili zilifia njiani. Ukaleta ya tatu: kamusi ya video. Kila mzazi arekodi maneno machache ya lugha ya alama, mwalimu mmoja ayakague, na yeyote mwenye mtoto ayatumie. Maneno ya jikoni, ya bafuni, ya kuaga na kugombana. Kwa miaka miwili mkafikisha mia tatu. Kisha ukaanza sehemu uliyokuwa ukiitaka tangu mwanzo, ya maumivu: maneno sitini, kutoka kichwani hadi unyayoni.

Kundi jingine la wazazi likasikia. Likauliza: ninyi mmewezaje? Tuandikieni ni nini kinachofanya kazi ya pamoja ifanikiwe. Kiongozi wenu, yule mhandisi wa maji mwenye pacha viziwi, akachora jedwali zuri, akakutumia. Ulipokaa kimya alikupigia, nawe ukaweka spika, kwa hiyo tulisikia wote.

"Mama, mbona husemi kitu? Watu mia mbili na kumi, video mia tatu, miaka miwili. Hayo si mafanikio?"

"Mhandisi wangu, hapo umehesabu viatu mlangoni. Hujaniambia huko ndani nani amekaa na nani amelala."

"Haya, basi niambie tuandike nini."

"Sijui." Ukacheka. "Nipe wiki mbili nisijue vizuri zaidi."

Wiki mbili zikawa miezi mitatu. Uliuliza kila mtu. Ulimwuliza muuza magazeti. Ulimwuliza daktari wa meno huku mdomo wako umejaa pamba. Majibu uliyaandika nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita, kisha ukayakata moja baada ya jingine. "Watu wengi", ukakata. "Kiongozi mkali", ukakata mara mbili. "Kuweka siku ya mwisho", ukaacha alama ya kuuliza.

Baba akachoka. "Mke wangu, utatumaliza kwa maswali."

"Bwana Mkubwa," ukamwambia, "mimi na wewe tuna miaka thelathini na minane. Tumefanikiwa, au tumezoeana?"

Baba akatoka kwenda kumwagilia maua, na mvua ilikuwa inanyesha.

Kalenda hiyo tuliipata wiki mbili baada ya mazishi. Mstari wa mwisho haukukatwa: "Aliyeianzisha akitoka, inaendelea?" Chini yake uliandika, "Hiki ndicho kipimo. Nimwambie Mhandisi Jumatatu." Jumatatu hiyo ulikuwa wodini, upande mmoja wa uso wako umelala, na ulimi hauwezi kutamka hata majina yetu.

Tuliusoma mstari huo mezani. Kwenye sehemu ya maumivu maneno arobaini na moja yalikuwa tayari. Yalibaki kumi na tisa.

Tulijaribu, Mama. Mimi binti yako mkubwa nilichukua nafasi yako kwenye kundi, nikaweka orodha ya yaliyobaki, kila neno na jina la mzazi pembeni. Wote walijibu. "Pole sana dada." "Tuko pamoja." "Mungu awatie nguvu." Video haikuja hata moja. Kaka akasema nimekuwa mpole mno, akaandika yeye, akaweka siku ya mwisho. Siku ikafika, ikapita, na watu wanane wakajitoa. Mhandisi naye alituma ukumbusho kila Jumatatu, mpaka Jumatatu moja hakutuma, nasi hatukumwuliza.

Ndipo Baba alipofungua simu yako akaona ulivyokuwa ukifanya. Hukuwahi kuwaandikia wote kwa pamoja. Uliwafuata mmoja mmoja, kama mafaili. Yule dereva wa lori ulimpigia saa saba mchana, muda ambao huegesha gari ale. Yule mama anayeionea haya sura yake ulimwambia arekodi mikono peke yake, "uso tutauona siku tukikutana." Mmoja ulimwuliza habari za mguu wa mama mkwe wake kwa miezi minne, na neno moja tu la kamusi katikati.

Nikasema, kumbe ni hivyo tu. Hata mimi naweza. Nikampigia dereva, saa saba kamili.

"Shikamoo, kaka. Mimi ni binti wa yule mama wa kamusi."

"Marahaba, dada." Nikasikia anazima redio. "Nimeiona orodha. Nimewekewa 'kizunguzungu'."

"Ndiyo. Ni neno moja tu, kaka."

"Najua. Mkono wangu unalijua. Nimesimama mbele ya simu mara tatu." "Dada, nisikudanganye. Nilikuwa namfanyia yeye. Nikimaliza ananipigia, anapiga kelele kama nimejenga daraja. Sasa nikimaliza, nimpelekee nani?"

Nilitaka kumwambia atupelekee sisi. Nilitaka kumwambia kwamba kuna watoto. Anajua kuna watoto. Anaye wa kwake, wa miaka tisa. Nikamwambia, "Safari njema, kaka," nikakata, nikakaa jikoni bila kujua nifanye nini na mikono yangu.

Kwa kipimo chako mwenyewe, Mama, umeshindwa, na hatuna moyo wa kukuambia. Kwa jedwali la Mhandisi mmefanikiwa, na lile kundi jingine linalitumia hadi leo. Sisi tulio katikati hatujui kipi ni kweli. Tungekuwa na wewe ungetucheka, halafu ungevaa ndala zako.

Mwezi uliopita Chiriku alirudi kutoka shule akatufanyia ishara ambayo hatukuijua. Kiganja kifuani, kisha vidole vikaenda mbele polepole na kurudi mikono mitupu. Machozi yakamlengalenga. Tukashtuka. Baba akafungua kamusi, akapitia yote arobaini na moja, kichwa, jino, koo, kifua, akimwonyesha moja moja. Chiriku akatikisa kichwa kila mara. Akarudia ishara yake, kubwa zaidi, polepole zaidi, kama anavyofanya akiona sisi ndio viziwi. Mwishowe akaiacha mikono ikashuka, akaenda kulala.

Asubuhi nilimpeleka kwa mwalimu wake. Wakaongea kwa mikono, kisha mwalimu akanigeukia.

"Si mgonjwa. Anasema ana hamu na mtu. Ana hamu ya kumwona."

"Nani?"

Mwalimu akazungusha vidole machoni, kama miwani.

Neno hilo halikuwa kwenye sitini zako. Hakuna mzazi aliyelifikiria. Jioni hiyo Chiriku alilirekodi mwenyewe, akalifanya mara mbili, na Baba akalituma kundini bila kuandika kitu. Kesho yake tulikuta alama za mioyo mia moja na tatu. "Kizunguzungu" bado hatuna. Tunaangalia simu kila siku.

Unakumbukwa na mumeo, ambaye bado analala upande wake wa kitanda; wanao, mimi, kaka na mdogo wetu; mkweo; dada yako wa pekee; wenzako wa masjala, wanaosema mafaili sasa yanapotea moja kwa moja; wazazi wa kundi, hata wale waliojitoa; na Chiriku, anayekukumbuka kwa mikono yote miwili.

Hatutakusahau kamwe, Mama.